Msimu umeisha Paje: uondoke na boti ya kwanza au ukae usubiri Krismasi?

#1 MwanachuoPaje
Salaam wakuu.

Nipo Paje, kusini mashariki ya Unguja. Tangu chuo kifunge mwezi wa saba nimekuwa weita kwenye hoteli moja ya ufukweni. Sasa Oktoba inaishia, upepo wa kusi umetulia, wacheza kaiti (wanaoteleza majini kwa kuvutwa na tiara) wamekunja vitambaa vyao wamekwenda, na jana meneja alituita mmoja mmoja kutuambia mkataba haurefushwi. Chuo kinafungua katikati ya Novemba.

Naleta hoja, mwenye kupinga apinge. Mtu akimaliza kazi ya msimu kisiwani aondoke siku ileile anayolipwa, boti ya asubuhi. Nina wenzangu waliomaliza mwisho wa Septemba wakasema wanakaa wiki moja wapumzike. Mpaka leo wapo, wanakula kwa daftari dukani, na pesa ya msimu mzima imekwisha. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyenunua kitu cha maana. Kwa nini pesa ya kisiwani haivuki maji? Na wewe uliyevuka nayo, ulifanyaje?

Naomba zaidi majibu ya waliowahi kuifanya kazi hii.

#2 Kitongoji
Nimekaa mstari wa mbele. Mdogo wangu yuko Kendwa na kila mwaka simulizi ni hizihizi.

#3 MzeeWaMezani
Mleta mada, nimehudumu mezani Nungwi na baadaye Matemwe kwa miaka mingi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Wakati wa msimu nusu ya maisha yako inabebwa na hoteli bila wewe kuiona. Unakula kantini ya wafanyakazi, unalala vyumba vya wafanyakazi, gari la wafanyakazi linakupeleka na kukurudisha, hata sabuni unaipata kwa watu wa usafi. Siku mkataba unapokwisha, vyote vinakatika kwa pamoja. Unatafuta chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele. Unakwenda kula, na mgahawa wa barabarani umepanga bei kwa kumtazama mgeni. Mshahara ulionekana mkubwa kwa sababu muda wote haukuwa na kazi ya kufanya. Wiki moja ya kujilisha mwenyewe inakuonyesha ukubwa wake halisi.

Kwa hiyo nakuunga mkono: ondoka.

#4 Bint_Jambiani
Mzee #3 kasema kweli kuhusu bei, lakini aseme na upande wa pili. Nyinyi mkimaliza mnapanda boti, sie bei hiyo inabaki kwetu mwaka mzima. Mie nimezaliwa hapa, samaki wa kumpelekea mama yangu nanunua kwa bei aliyowekewa mgeni. Mchuuzi akijua hoteli itamchukua samaki wake kwa bei yoyote, mwenyeji hana la kumwambia.

Halafu MwanachuoPaje, wakati huu huku kwetu ni tangambili. Kusi imeondoka na kaskazi haijaingia, bado mvua za vuli mbele. Ukikaa hapa Novemba ujue unakaa kwenye mvua, hakuna mgeni wala wa kumrushia kaiti.

#5 RangiTatu
Mimi naona jibu ni tipu, ile bakshishi ya wageni. Tipu inaingia kila siku, na pesa inayoingia kila siku inatoka kila siku. Mshahara unautuma nyumbani kwa sababu unakuja kwa mkupuo, ila tipu ndiyo uliyozoea kuishi nayo: soda, vocha, bodaboda ya usiku, sare ya mpira wa Jumapili. Msimu ukiisha tipu inakauka ila mazoea yanabaki, unaanza kuula mshahara kwa mwendo wa tipu. Hata angekuwa Arusha au Bagamoyo ingekuwa hivyohivyo. Kisiwa kinasingiziwa.

#6 HesabuNdogo
Sikubaliani na #3 wala #5. Mnamzungumzia mtu kana kwamba pesa anayo mkononi. Wengi wanaobaki kisiwani baada ya msimu wanasubiri kulipwa!

Mimi nilikuwa jikoni kwenye hoteli moja upande wa Kiwengwa. Agosti kule Wataliano wanajaa kwa sababu ya sikukuu yao ya tarehe 15, mnapika mpaka mikono inavimba. Mkataba ulipokwisha niliambiwa mshahara wa mwisho utatoka baada ya kukabidhi sare, funguo za kabati na kibao cha jina. Nikakabidhi. Nikaambiwa mhasibu yuko Mjini Unguja. Akarudi, nikaambiwa siku za likizo ambazo sikuchukua bado zinahesabiwa. Muda wote huo nilikuwa nalala kwa rafiki na kula kwa kukopa, nilipolipwa nikalipa madeni. Kwa aliyenitazama nje nilikuwa "nimepumzika".

Dawa yake ipo: sheria ya kazi ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akulipe haki zako zote na akupe cheti cha utumishi. Na ukaulize NSSF kama michango yako imeingia.

#7 Wakili_Kitaa
@HesabuNdogo pole kwa hayo. Niweke sawa mambo mawili, maana mtu anaweza kwenda ofisi isiyo yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni ya Tanzania Bara. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na pa kupeleka lalamiko ni Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar. Ukienda na kifungu cha 44 cha Bara utarudishwa mlangoni.

Pili, mfuko wa hifadhi ya jamii kwa ajira ya huko ni ZSSF. NSSF ni Bara. Ulizia namba yako ya uanachama ukiwa bado upo Unguja, kwa sababu kufuatilia ukiwa Singida ni shughuli nyingine.

#8 HesabuNdogo
Asante wakili, hapo umenyoosha. Hoja ya watu kusubirishwa malipo ipo palepale lakini.

#9 DadaMapokezi
Ipo, na imeshikana na boksi la tipu ambalo hamjaligusa. Nieleze kwa wasiolijua. Hoteli nyingi zina boksi mapokezi, wageni wanatumbukiza humo, mwisho wa mwezi linafunguliwa mbele ya wawakilishi wa idara na kugawiwa kwa pointi za kila idara: mezani, jikoni, usafi, bustani, walinzi. Anayeondoka tarehe 25 mara nyingi anaacha fungu lake, kwa sababu utaratibu unataka uwe kazini siku boksi linapofunguliwa. Ndiyo maana mtu mwenye akili anaweza kuonekana anazubaa kisiwani siku kumi zaidi. Anasubiri boksi.

Kuna jingine ambalo watu wa bara hawalifikirii: sarafu za yuro. Mgeni wa Ulaya siku ya kuondoka anamimina sarafu zote zilizobaki mfukoni. Anatoa kwa moyo mzuri na zinaweza kuwa pesa nyingi, maana sarafu moja ya yuro mbili si haba. Lakini maduka ya kubadili fedha yanachukua noti, sarafu za nje hayachukui. Njia ni moja, kumpata mgeni anayerudi kwao akubali kuchukua sarafu zako akupe noti ya 10 au ya 20. Agosti utampata kila siku. Ikifika Novemba wageni wamepungua na kila mfanyakazi ana mfuko wake wa sarafu, mnagombania mgeni mmoja. Ukivuka nazo mpaka kwenu hakuna wa kuzipokea.

Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kuuliza boti, uliza mfuko wako una sarafu ngapi.

#10 Kitongoji
Sasa naelewa kwa nini mdogo wangu ana kopo zima la sarafu chini ya kitanda! Tulidhani anakusanya kumbukumbu.

#11 DadaMapokezi
@Kitongoji mwambie aziuze mapema. Familia za Ulaya zinaondoka Septemba shule zao zikifungua, Oktoba wanabaki wazee na wenza, na wazee huwa hawakatai kubadilishana. Krismasi nayo ni nafasi, kama atakuwepo.

#12 SokoMuhogo
Niongeze upande wa noti. Dola moja moja na tano tano zinapokelewa kwa bei ya chini kuliko mia, na noti za zamani au zilizochanika duka linaweza kuzikataa kabisa. Mfanyakazi wa mezani anapewa hizohizo ndogo. Wenzangu tulikuwa tunaungana, mmoja mwenye mia anachukua ndogo zetu za kuwahudumia wageni wenye kutaka chenji, sisi tunabeba mia. Hii nayo inataka uwe ndani ya hoteli, ukishatoka getini huna wa kubadilishana naye.

#13 KaskaziKendwa
Wote mnajibu kana kwamba kubaki ni ugonjwa. Mimi nilibaki kwa hesabu.

Tazameni kalenda ya Unguja. Julai na Agosti kunajaa, Septemba na Oktoba kunapungua, Novemba kunalala, kisha kuanzia katikati ya Desemba kunajaa tena mpaka Februari kwa sababu ya kaskazi na baridi ya Ulaya. Katikati pana wiki chache tu. Meneja akitaka mtu wa haraka Desemba hampigii aliye Mwanza, anampigia aliye Kendwa ambaye jioni hiyohiyo anaweza kuvaa sare. Aliyekimbia na boti ya Oktoba akirudi Januari anakuta nafasi zimejaa.

Msimu unakwisha kweli wakati wa masika. Aprili na Mei hoteli kibao zinafunga, zinapakwa rangi na kuezekwa makuti mapya. Hapo ndipo ukae au uondoke ni swali. Sasa hivi ni mapumziko ya katikati tu.

Kwa mwanafunzi kama mleta mada ni tofauti, yeye chuo kinamwita. Ila asiwahukumu waliobaki.

#14 Bint_Jambiani
@KaskaziKendwa hizo wiki chache unazozisema nani anakulisheni? Mie nnao vijana wawili wa bara wamepanga kwetu, mmoja wa Tanga mmoja wa Kigoma. Watoto wazuri, wana adabu. Novemba yote wanakula kwa bi mkubwa kwa ahadi ya Desemba. Desemba wakiitwa kazini wanalipa, wasipoitwa bi mkubwa anasamehe. Hilo hamliandiki kwenye hesabu zenu.

Sie wanawake wa huku tuna mwani. Ulianza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, huku Paje na Jambiani. Bei yake ndogo na maji yakipata joto unakufa, lakini mwani hauulizi shule za Ulaya zimefungwa lini. Bamvua likifika, maji yakapwa sana, tunashuka pwani, msimu uwepo usiwepo. Ndo maana huwaoni wa kwetu wakihangaika na suala la kuondoka.

#15 KaskaziKendwa
Dada hapo nimekuelewa. Na mimi kuna mama wa namna hiyo nilimkuta, mpaka leo namtumia sukari Ramadhani ikikaribia.

#16 MpwaniLamu
Hamjambo ndugu zangu. Huku Lamu ni yaleyale, ila kwetu kufunga ni Mei na Juni, hoteli kadhaa za Shela hushusha makuti na mabaharia wa madau ya wageni huvuta vyombo pwani kuvitengeneza.

Mimi sababu naiona kwenye simu. Ukiwa kazini una jibu, "niko kazini, nitapiga baadaye". Siku watu wakisikia umemaliza na umelipwa, simu zaanza. Ada ya mtoto wa shangazi, dawa za babu, harusi ya binamu. Wewe uko kisiwani hujafika nyumbani, na pesa yaondoka kabla yako. Mwishowe waona haya kurudi mikono mitupu, hivyo wabaki. Kwangu, aibu hii yawaweka watu visiwani kuliko raha.

#17 RangiTatu
MpwaniLamu umenigusa. Hiyo ya kuona haya ndiyo nimeiona kwa macho yangu.

#18 Bwejuu_Usiku
Wazee wanasema pesa ya ufukweni haina baraka kwa sababu inatokana na pombe za wageni. Ndiyo maana haikai. Mnazunguka tu na mahesabu.

#19 Bint_Jambiani
Wazee wepi hao? Wa kwetu nawajua, wanasema mfanyakazi alipwe kabla jasho halijakauka. Hayo mengine msitutwishe.

#20 Wakili_Kitaa
Haswa.

#21 PotweMafia
Wadau, mnabishana Unguja kana kwamba bahari ina kisiwa kimoja. Njooni Mafia. Huku papa potwe, wale wakubwa wanaovuta wageni, wanaanza kuonekana kwa wingi Oktoba, wanakaa mpaka Februari na Machi, karibu kabisa na Kilindoni. Wakati Paje inalala, sisi ndiyo tunatafuta watu wa boti, wa jikoni na wa kuongoza wageni. Hoteli ni ndogo na chache, nyingi zipo Utende ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995. Mtu mwenye lugha na adabu ya kazi hakosi pa kuulizia. Masika ikija nasi tunafunga.

#22 Kitongoji
Kutoka Unguja mtu anafikaje Mafia? Kuna boti ya moja kwa moja?

#23 PotweMafia
Vuka mpaka Dar kwanza, kisha Mbagala Rangi Tatu upande gari la Nyamisati, wilaya ya Kibiti, pale ndipo pa kuvukia kwenda Kilindoni. Ndege ipo pia ila kwa mshahara wa msimu sikushauri.

#24 MbongoMichigan
Habari za huko. Nimesoma uzi wote nikakumbuka kisiwa kimoja huku Marekani, Mackinac, kwenye Ziwa Huron jimbo la Michigan. Kidogo sana, wakazi wa kudumu kama mia tano. Magari yamepigwa marufuku tangu 1898, usafiri ni baiskeli na farasi. Msimu ni kuanzia Mei mpaka mwisho wa Oktoba, kisha baridi inafunga kila kitu.

Wanafunzi wa nje wanakuja kwa viza ya J-1, kazi isizidi miezi minne, baada ya hapo wana siku 30 za kutembea kabla ya kuondoka nchini. Kwa hiyo swali la "nikae au niondoke" limeshajibiwa na viza. Na waajiri wengi wa msimu huku wana bonasi ya kumaliza: unawekewa kiasi fulani kwa kila saa uliyofanya, unalipwa ukifika tarehe ya mwisho ya mkataba tu. Ukiondoka kabla, umeiacha. Inamfanya mtu avuke na fungu ambalo hakupata nafasi ya kuligusa.

Hata farasi wengi wanavushwa kwa feri kwenda bara kabla ya barafu, wanarudishwa majira yakigeuka.

#25 MzeeWaMezani
Hilo la kuvushwa ndilo ningependa liandikwe kwenye mikataba yetu. Aliyemtoa kijana Iringa amrudishe Iringa.

#26 Wakili_Kitaa
Kwa Bara lipo, kifungu cha 43 cha ile sheria ya 2004: aliyeajiriwa sehemu nyingine asafirishwe mpaka alikotolewa. Kwa kazi ya Unguja njia ya uhakika ni kuliandika kwenye mkataba siku unasaini. Julai hoteli inakuhitaji, ndipo una nguvu ya kuomba. Oktoba huna.

#27 MamaLishe_Zamani
Naomba niseme jambo ambalo wanaume wa humu mmelipita. Nilifanya usafi wa vyumba. Msimu mzima unatandika vitanda vya watu waliopumzika, unakunja taulo ziwe bata, unafagia mchanga wa miguu yao. Bahari ipo mita chache na wewe huigusi, kwa sababu wafanyakazi hawaruhusiwi ufukwe wa wageni. Ukimaliza, roho inataka siku moja na yenyewe ikae pale ilale bila kuitwa. Siyo upuuzi. Ni uchovu uliokosa pa kwenda. Wanaosema kijana kapoteza pesa kwa starehe hawajui amekuwa akiitazama starehe ya wengine kwa muda gani.

Mimi nilikaa, nikatumia, na siku zile sizijutii.

#28 MwanachuoPaje
Mama asante, hili sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Kweli nimeogelea mara chache mno.

Kuna aliyeweza kuweka akiba kabisa? Tupeni njia.

#29 MpishiMuheza
Sisi jikoni tulicheza upatu. Kila tukipokea mshahara tunachanga, mmoja anachukua. Mimi niliomba zamu ya mwisho, Oktoba, nikachukua fungu zima siku ya kuondoka. Mwaka uliofuata nikabadili, kila mwezi nilituma Ezypesa moja kwa moja kwa muuza vifaa vya ujenzi Muheza, ananiandikia risiti ya mabati na saruji, mzigo unakaa dukani kwake. Pesa iliyokwisha kuwa bati haiombwi na binamu.

#30 HesabuNdogo
Upatu wa msimu mimi siushauri. Anayechukua mwisho ndiye anayebeba hatari. Septemba wawili wanapata kazi hoteli nyingine, mmoja anarudi kwao ghafla, ikifika zamu yako mmebaki watatu. Nimeiona ikivunja urafiki wa watu waliolala chumba kimoja.

#31 MpishiMuheza
Kama mkataba wa wote unaisha siku moja hakuna shida. Sisi tulimweka mpishi mkuu awe mshika pesa.

#32 HesabuNdogo
Na mpishi mkuu akihamia Mafia kwa @PotweMafia?

#33 PotweMafia
Aje na upatu wake, tutampokea.

#34 MwanachuoPaje
Wakuu, nimeuliza ofisini leo. Boksi linafunguliwa tarehe 3, mshahara unaingia siku hiyohiyo, kwa hiyo nakaa mpaka hapo. Nimeruhusiwa kulala chumba cha wafanyakazi ila chakula najitegemea. Sarafu nimebadilisha karibu zote kwa mzee mmoja Mjerumani. Bado nasimama kwenye hoja yangu ya boti ya kwanza, ila naona "siku ya kwanza" ni siku boksi linapogawiwa. @KaskaziKendwa, wewe unapokaa Novemba unamlipa nini mwenye chumba?

#35 KaskaziKendwa
Namlipa nusu na kumsaidia kuezeka. Si kila mwenye nyumba anakubali.

#36 Wakili_Kitaa
@MwanachuoPaje kabla ya tarehe 3: fomu ya kukabidhi sare na funguo isainiwe na aliyepokea, uipige picha. Omba barua ya utumishi yenye tarehe ya kuanza, ya kumaliza na cheo, kwenye karatasi yenye nembo ya hoteli na mhuri. Hati za mshahara za miezi yote uondoke nazo. Haya uyafanye asubuhi kabla boksi halijafunguliwa, maana mchana ofisi nzima itakuwa inahesabu pointi na hakuna atakayekusikiliza.